Kipimo Nacho Hupimwa

Mazungumzo ya afisa elimu ya watu wazima kwa wanakisomo na mafundi seremala wa Mkula



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kifaa kimoja kidogo. Unaweza kukibeba kwa mkono mmoja. Lakini kikiwa kibaya kinaharibu mbao, kinaharibu jina la fundi, na kinaweza kumtoa mtu kidole. Ni kile kifaa kinachoongoza ubao unapokatwa kwenye msumeno wa meza. Leo nitakiita geji ya pembe, maana mafundi wengi wanasema "geji" tu.

Kwanza niseme wazi. Mimi ni mwalimu, si fundi seremala. Chuoni tulifundishwa stadi za kazi, tukashika randa na msumeno wa mkono. Mengine nimejifunza kwa mafundi wenyewe, nikiwa nimekaa nao karakanani na daftari mkononi. Kazi yangu leo ni ile ile ya darasani: kusoma namba, kupima, na kuandika. Mtaona wenyewe kwamba elimu hiyo ndiyo inayotakiwa hapa.

KWA NINI TUZUNGUMZE HABARI HII

Zamani seremala wa kijijini alikata kila kitu kwa msumeno wa mkono. Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo zimefika mahali ambapo wazee wetu hawakutegemea kuziona. Umeme ukija, mashine nazo huja: za kusaga, za kuchomelea vyuma, na misumeno ya meza.

Lakini misumeno mingi ya vijijini imenunuliwa ikiwa imeshatumika. Inafika na mota nzima na diski nzima, lakini geji ya pembe imepotea njiani. Au ipo, lakini imepinda, imelika, inacheza kama jino bovu. Basi fundi anatakiwa kununua nyingine. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Kikundi kimoja ninachokifahamu kilipata kazi ya kutengeneza fremu za madirisha. Kikundi kina watu 7: mafundi 6 na mama mmoja mtunza hazina, ambaye ndiye anayeshika daftari. Walinunua mbao za paina, wakakata, wakagonga, wakapaka gundi. Mwenye kazi alipokuja na skwea yake, kona hazikukaa sawa. Fremu nyingi zikakataliwa.

Nani alilipa hasara? Si mwenye kazi. Si muuza mbao. Walilipa wao. Mama mtunza hazina alifungua daftari akasoma: mbao, misumari, gundi, umeme, na siku 9 za watu 6. Kila mtu alinyamaza.

Baadaye wakakusanya fedha kidogo za kununulia geji mpya. Wakaanza kubishana. Mmoja akasema, "Tununue ile ya bei kubwa, inayong'aa, yenye namba nyingi." Wa pili akasema, "Tununue ya bei ndogo, geji ni geji tu." Wa tatu akasema, "Tusinunue kabisa, tuchonge yetu ya mti." Ndipo yule mama akauliza swali moja: "Tutajuaje kwamba hiyo mpya ni nzuri kuliko hii mbovu?"

Ndugu zangu, swali hilo ndilo mazungumzo yetu ya leo. Jibu lake ni fupi: utajua kwa kuipima. Bei haiwezi kukuambia. Kung'aa hakuwezi kukuambia. Namba zilizochorwa juu yake nazo haziwezi kukuambia, maana namba huchorwa na mtu au mashine, na vyote viwili hukosea.

JAMBO HILI SI GENI KWETU

Mtu wa Usukumani hahitaji kufundishwa kutilia shaka kipimo. Sisi ni wakulima wa pamba. Waulizeni wazee. Wakati wa ukoloni wakulima walilalamika miaka mingi juu ya mizani ya wanunuzi wa pamba. Mkulima alivuna, akabeba, akafika kwenye mizani, na hapo jasho lake likapungua. Malalamiko hayo yalikuwa moja ya sababu zilizowafanya wakulima waungane. Mwaka 1955 ukaundwa muungano mkubwa wa vyama vya ushirika wa Kanda ya Ziwa, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Wakulima walitaka pamba yao ipimwe mbele ya macho yao na watu wao wenyewe.

Siku hizi iko Wakala wa Vipimo, iliyoanzishwa mwaka 2002. Kazi yake mojawapo ni kukagua mizani ya biashara, na mizani ya pamba imo. Lakini geji ya seremala haina mkaguzi anayezunguka kijijini. Mkaguzi wake ni wewe. Kama hukubali mizani ya pamba bila kuikagua, kwa nini ukubali geji bila kuikagua?

GEJI YA PEMBE INA NINI

Tuitazame. Ina sehemu tatu kubwa.

Ya kwanza ni upau. Huu ni ufito wa chuma unaoingia kwenye mfereji uliochongwa juu ya meza ya msumeno. Upau huteleza mbele na nyuma.

Ya pili ni kichwa. Hiki ndicho ubao unapoegemea. Kichwa huzunguka ili ukate ubao wima au kwa mshazari.

Ya tatu ni namba za nyuzi pamoja na skrubu ya kukazia. Namba hukuonyesha kichwa kimezunguka kiasi gani.

Hapa pana mtego wa kusoma. Kona ya mraba, kama kona ya daftari, ni nyuzi 90. Lakini geji nyingine zikiwa zimewekwa kukata mraba zinaonyesha 90, na nyingine zinaonyesha 0. Zote mbili zinataka kusema jambo moja. Kwa hiyo usiangalie namba tu. Angalia kwanza kichwa kimekaaje, kisha soma namba.

Geji nyingi pia zina vituo, yaani mahali kichwa kinaponasa chenyewe ukikizungusha. Vituo vinavyotumika sana ni vya kukata mraba na vya nyuzi 45. Kituo kizuri ni kile ambacho unaweza kukirekebisha kwa skrubu kama hakiko sawa. Kituo kisichorekebishika kikikosea leo, kitakosea siku zote.

KOSA DOGO LINAZAA NINI

Mtu anaweza kusema, "Ah, mwalimu, nyuzi moja ni nini?" Hebu tufanye hesabu.

Kosa la nyuzi 1 kwenye ubao wenye upana wa sentimita 40 linazaa milimita 7. Hiyo ni karibu upana wa penseli. Kabati likikatwa hivyo, mlango wake haufungi.

Sasa chukua kosa la nusu ya nyuzi 1. Hilo huwezi kuliona kwa macho. Unatengeneza fremu ya kona 4, na kila kona ina vipande viwili vilivyokatwa kwa mshazari wa nyuzi 45. Kona 4 mara vipande 2 ni mikato 8. Kila mkato umekosea nusu. Nusu mara 8 ni nyuzi 4. Ukiunganisha kona tatu vizuri, ile ya nne ndiyo itakayobeba makosa yote. Kama mbao zako zina upana wa sentimita 8, kona hiyo itaachama karibu milimita 8.

Wenzetu wa kikundi kile walidhani fundi aliyefunga kona ya mwisho ndiye mbovu. Walimlaumu bure! Alikuwa akipokea makosa ya mikato yote. Hapo msemo wa "usipoziba ufa utajenga ukuta" unaonekana wazi.

HATUA YA KWANZA: NANI MGONJWA, GEJI AU MASHINE?

Kabla hujatoa fedha, hakikisha kwamba mgonjwa ni geji. Kama diski ya msumeno haiko sambamba na mfereji wa meza, hata geji ya dhahabu haitakusaidia.

Chomoa waya wa umeme kwanza. Nasema chomoa kabisa, usizime tu. Kisha fanya hivi:

1. Chagua jino moja la diski, ulitie alama kwa kalamu.
2. Lizungushe jino hilo lije upande wa mbele. Pima kutoka ukingo wa mfereji hadi kwenye jino. Andika namba.
3. Zungusha diski mpaka jino lile lile liende upande wa nyuma. Pima tena. Andika namba.

Namba mbili zikiwa sawa, diski iko sambamba. Zikitofautiana, mashine ndiyo irekebishwe kwanza. Tumia jino lile lile, maana diski yenyewe inaweza kuwa imepinda kidogo.

HATUA YA PILI: IPIME SKWEA YAKO

Utaipimaje geji? Kwa skwea. Lakini je, skwea yako ni ya kweli? Skwea iliyoanguka chini mara nyingi huwa imeharibika bila mwenyewe kujua.

Ipime hivi. Chukua ubao wenye ukingo ulionyooka sana. Weka skwea kwenye ukingo, chora mstari kwa penseli iliyochongwa vizuri. Sasa igeuze skwea upande wa pili, uisogeze mpaka penye mstari, uchore mstari wa pili kuanzia pale pale. Mistari ikilaliana, skwea ni nzima. Ikiachana kama miguu ya mtu aliyesimama, skwea ni mbovu. Na pengo unaloliona juu ni kosa lililozidishwa mara mbili.

Huna skwea nzuri? Tumia njia ya 3, 4, 5. Kutoka kwenye kona, pima sentimita 30 upande mmoja na sentimita 40 upande wa pili. Pima kutoka alama hadi alama. Ukipata sentimita 50 kamili, kona ni ya mraba. Waashi wanaitumia sana njia hii wanapopanga msingi wa nyumba.

HATUA YA TATU: PIMA MFEREJI KABLA YA KWENDA DUKANI

Kutoka hapa mpaka Mwanza ni nauli na ni siku nzima. Ukirudi na geji isiyoingia kwenye mfereji, umepoteza yote mawili. Kwa hiyo pima nyumbani, andika, nenda na karatasi.

Pima upana wa mfereji na kina chake. Pima mbele, katikati na nyuma, kwa sababu mfereji wa zamani unaweza kuwa umelika mahali pamoja. Kalipa, yaani kile kipimo chenye taya mbili, ni bora kuliko futi kamba. Kama huna, chonga kijiti cha mti mgumu mpaka kiingie barabara kwenye mfereji bila kucheza. Kijiti hicho ndicho utakachokwenda nacho dukani.

Mashine nyingi kubwa zina mfereji wenye upana wa robo tatu ya inchi, yaani milimita 19 hivi, na kina cha karibu milimita 9 na nusu. Lakini mashine ndogo za kubebeka zina mifereji ya vipimo mbalimbali. Mingine ina mdomo mwembamba na tumbo pana, kama herufi T iliyopinduliwa. Muuzaji akikuambia, "Hii inaingia mashine zote," mwambie kwa upole, "Ahsante ndugu yangu, lakini ngoja nipime."

HATUA YA NNE: DUKANI

Ukifika dukani usione haya. Fedha ni yako. Omba geji mbili au tatu, uziweke mezani, uzikague moja moja.

Upau. Linganisha na kijiti chako au na namba zako. Utazame kwa jicho moja kutoka mwisho, kama unavyotazama ubao uliopinda. Upau uliopinda, uache.

Urefu wa upau. Upau mrefu ni bora. Kwa nini? Kama upau unacheza milimita 1 kwenye mfereji na una urefu wa sentimita 20, ubao wa sentimita 40 unaweza kukosea milimita 2. Upau ukiwa wa sentimita 40, kosa hilo linapungua nusu.

Kichwa. Weka rula ya chuma usoni mwa kichwa, utazame kuelekea kwenye mwanga. Mwanga ukipita katikati, uso huo umebonyea. Tazama pia kama uso umesimama wima juu ya upau, usilale mbele wala nyuma.

Kituo cha mraba. Zungusha kichwa mpaka kinase kwenye kituo cha mraba. Weka skwea yako, ile uliyokwisha kuipima, upande mmoja kwenye upau, upande mwingine kwenye uso wa kichwa. Tazama mwanga. Kisha legeza, zungusha, rudisha kwenye kituo, tazama tena. Fanya mara 3. Geji nzuri inarudi pale pale kila mara. Geji inayosema kweli mara ya kwanza na uongo mara ya pili ni mbaya kuliko ile inayokosea kila mara kwa kiasi kile kile. Hii ya mwisho unaweza kuirekebisha. Ile ya kigeugeu huwezi.

Kukaza. Kaza skrubu, kisha jaribu kukizungusha kichwa kwa mkono. Kikisogea, kitasogea pia ubao utakapokisukuma.

Namba. Mistari ya nyuzi iwe imechorwa vizuri, na mshale wake uwe mwembamba. Kwenye geji ndogo nafasi kati ya nyuzi moja na nyingine ni kama milimita 1 tu. Mshale mnene unaweza kuziba nusu ya nyuzi nzima. Na nusu ya nyuzi tumekwisha kuona inafanya nini kwenye fremu.

Andika kila geji karatasini: inaingia au haiingii, inarudi au hairudi, bei yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata kuchagua bila daftari hupotea. Muuzaji akianza kusema maneno matamu, wewe tazama karatasi yako.

HATUA YA TANO: NYUMBANI, MKATO WA TANO

Sasa umeileta. Iingize kwenye mfereji. Karatasi moja ya daftari ikipenya kati ya upau na ukingo, hiyo si neno. Kipande cha boksi kikipenya, upau unacheza mno. Dawa yake ipo. Weka upau juu ya chuma kigumu, gonga vidoa vidogo ubavuni kwa panchi ya chuma yenye ncha, kimoja baada ya kingine. Chuma kitavimba kidogo penye kila kidoa na upau utajaa kwenye mfereji. Ukizidisha, punguza kwa tupa.

Kisha fanya jaribio la mikato mitano. Kazi yake ni kulikuza kosa dogo mpaka ulione. Chukua kipande cha plaiwudi cha karibu sentimita 40 kwa 40.

1. Kata upande wa kwanza.
2. Upande uliokatwa uuegemeze kwenye geji, kata upande wa pili.
3. Wa pili uuegemeze, kata wa tatu.
4. Wa tatu uuegemeze, kata wa nne.
5. Wa nne uuegemeze, ukate tena upande wa kwanza, lakini sasa utoe ufito wa upana wa sentimita 2 hivi. Usiutupe ufito huo!

Pima upana wa ufito kwenye ncha zake mbili. Ncha moja ikiwa milimita 21 na nyingine milimita 23, tofauti ni milimita 2. Kosa limejirudia mara 4, kwa hiyo gawa kwa 4. Unapata nusu milimita katika sentimita 40. Rekebisha kituo cha geji kidogo, ujaribu tena, mpaka ncha mbili zikaribiane sana. Andika tarehe na matokeo.

JE, KUCHONGA YAKO MWENYEWE?

Yule fundi wa tatu aliyesema "tuchonge ya mti" hakusema upuuzi. Kwa kazi ya kukata mraba tu, unaweza kutengeneza meza ndogo inayoteleza. Unachonga fito mbili za mti mgumu uliokauka, kama mninga, zinazoingia kwenye mifereji miwili ya meza. Juu yake unafunga plaiwudi, na nyuma unaweka ubao mnene ulionyooka wa kuegemezea. Kwa kuwa inashikwa na mifereji miwili, haichezi kirahisi kama geji ya upau mmoja.

Lakini ina masharti. Mti mbichi utavimba masika na kusinyaa kiangazi. Ubao wa nyuma lazima upimwe kwa mikato mitano kama geji ya dukani. Na weka gogo nene nyuma, mahali diski inapotokea, ili kidole gumba kisikutane na diski. Kwa pembe za mshazari zinazobadilika badilika, geji ya dukani bado ina faida.

TUSISAHAU VIDOLE

Geji mbovu haiharibu mbao tu. Upau ukicheza, ubao unageuka kidogo ukiwa katikati ya mkato, unaibana diski, na diski inaurusha kuelekea kwako. Kwa hiyo shikeni haya:

Usisimame mstari mmoja na diski. Simama pembeni kidogo.

Usitumie geji pamoja na ile kingo ya pembeni ya kuongozea, ubao ukiwa unagusa vyote viwili hadi mwisho. Kipande kilichokatika kitanaswa kati ya diski na kingo, kisha kitarushwa. Ukitaka vipande vya urefu mmoja, funga kigogo kwenye kingo mbele ya diski, upande wako, ubao ukiguse kabla haujafika kwenye diski, kisha ukiache.

Usiokote kipande kidogo karibu na diski inayozunguka. Zima, ngoja isimame.

Usivae shati la mikono mirefu inayoning'inia. Akina mama, khanga ifungwe vizuri au ivuliwe. Vaeni miwani ya kukinga macho.

Geji huuzwa dukani. Vidole haviuzwi.

BASI TUCHAGUE IPI?

Nitasema bila kuzunguka. Kama fedha ni kidogo, nunua kwanza skwea nzuri, maana bila skwea ya kweli huwezi kujua lolote. Pili, ipime geji ya zamani. Pengine inataka kugongwa vidoa na kurekebishwa kituo tu. Tatu, kama kazi yako ni mikato ya mraba, jitengenezee meza ya kuteleza. Nne, kama unafanya fremu na pembe za mshazari kila wiki, nunua geji ya dukani. Chagua ile ambayo upau wake unajaa kwenye mfereji na kituo chake kinarudi pale pale, hata kama haing'ai. Namba nyingi na rangi nzuri ziwe za mwisho.

Kikundi kile kilifanyaje? Kwanza walipima mashine. Diski ilikuwa sambamba. Wakapima geji ya zamani: upau ulikuwa umelika, na kichwa kilisogea hata baada ya kukazwa. Basi mgonjwa alijulikana. Wawili wakatumwa dukani, fundi mmoja na mama mtunza hazina, pamoja na kijiti na karatasi. Walikagua geji tatu. Ile inayong'aa haikuingia kwenye mfereji. Ile ya bei ndogo iliingia, lakini kituo chake kilikuwa kigeugeu. Wakachukua ya katikati. Nyumbani wakakata mikato mitano mara tatu, wakirekebisha, na ufito wa mwisho ukatoka sawa kwa rula.

Fremu zilizokataliwa hazikupona. Walizikata vipande, wakatengeneza stuli, wakauza kwa bei ndogo. Hasara ilibaki kuwa hasara. Lakini ule ufito wa mwisho wameutundika ukutani karakanani, umeandikwa tarehe. Kila baada ya mwezi wanakata mwingine na kuulinganisha. Na yule fundi aliyelaumiwa kwa kona ya nne aliombwa radhi mbele ya wenzake.

Ndugu zangu, nchi yetu inahitaji mafundi. Mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza na watoto wakajaa madarasani, kazi ya madawati ilitakiwa kila wilaya. Kazi za namna hiyo zitakuja tena. Mkaguzi atakuja na futi kamba na skwea. Ni vizuri akute umekwisha kujikagua mwenyewe.



MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini si vizuri kuamini namba za geji bila kuipima?
2. Leteni skwea zenu zote. Zipimeni kwa kuzigeuza. Ngapi ni nzima?
3. Ufito wa mkato wa tano una milimita 20 upande mmoja na milimita 24 upande mwingine. Kosa la mkato mmoja ni kiasi gani?
4. Taja vipimo vingine unavyovitumia nyumbani, shambani au sokoni. Ni nani anayevikagua?